Reli ya Tatu

Nyuma ya mlango wangu kuna mwavuli uliovunjika, na mume wangu amechoka kuniuliza utatupwa lini. Kitambaa kimechanika upande mmoja, mbavu mbili zimepinda, mpini umelegea. Mtu mwingine angeupeleka kwenye takataka siku ileile. Mimi siwezi. Nimekulia katika nyumba ambamo mwavuli uliovunjika ulikuwa mali, na mwavuli mzima ulikuwa mali iliyochelewa tu kuiva. Mvua kubwa ilipokuja, na Bukavu mvua kubwa si habari, Papa alisimama dirishani kutazama wapita njia wakipigana na upepo wa ziwani. Mmoja akigeuziwa mwavuli wake juu chini, Papa alisugua mikono yake na kusema, "Ule tutaupata."

Aliutaka kwa ajili ya zile mbavu, vyuma vyembamba vinavyotanua kitambaa. Alikuwa akijengea reli. Reli ya Irlande, yaani Ayalandi, ndani ya chumba cha nyuma cha nyumba yetu ya Ibanda, katika mji ambao haujawahi kusikia treni ikipiga honi.

Kabla sijazaliwa Papa alipelekwa Irlande kusomea mambo ya maziwa. Kila asubuhi alipanda treni kwenda shuleni, na kila jioni alirudi kwa mzee mmoja mjane aliyempangisha chumba. Mzee huyo alikuwa amefanya kazi ya reli maisha yake yote, na alipostaafu akaanza kuzijenga upya juu ya meza kubwa: stesheni zake za zamani, madaraja ya mawe, mabehewa ya kubebea maziwa, vyote kwa udogo wa kushika kwa vidole viwili. Kumbe kule watu wazima wenye akili timamu hufanya hivyo. Wanabishana hata kuhusu rangi ya mlango wa stesheni, na hakuna anayewaita vichaa. Papa alirudi nyumbani na diploma ya maziwa na ugonjwa huo.

Kuna jambo alilirudia mpaka Maman akawa anaondoka mezani. Reli za Irlande ni pana kuliko za nchi nyingi za Ulaya. Vyuma viwili vya kule vimeachana zaidi, na treni ndogo zinazouzwa madukani zimetengenezwa kwa reli nyembamba za watu wengine. Kwa hiyo wapenzi wa reli za Irlande wamegawanyika. Wapo wanaonunua za dukani, wakaziendesha kwenye reli nyembamba na kujifanya hawaoni. Wapo wanaojenga reli yao kwa mikono yao, kwa upana wake wa haki. Yule mzee alikuwa wa kundi la pili, na Papa akabatizwa humo humo.

"Reli nyembamba ni bongo," alisema, yaani uongo mtupu. "Ukitaka kufanya Irlande, fanya Irlande."

Ili asifanye uongo alikuwa na kipimo. Kilikuwa kibao kidogo cha mti mgumu, kimekatwa vijino viwili chini. Unakiweka juu ya reli mbili na kukisukuma polepole. Kikipita bila kukwama na bila kuchezacheza, reli iko sawa. Mbavu za miavuli zilibandikwa juu ya njiti za kiberiti zilizopangwa kama mataruma, vile vibao ambavyo reli ya kweli hulalia. Majani ya Irlande yalikuwa vumbi la mbao lililopakwa rangi ya kijani. Stesheni ilikuwa kopo la maziwa ya unga. Kichwa cha treni kilikuwa cha bati, cheusi, kikisukumwa na mota ya radio kaseti iliyokufa. Chumba kizima kilinuka gundi na rangi, na mpaka leo nikipita kwenye karakana ya seremala nasimama mlangoni kunusa.

Kwa sababu nilitamani, jamani. Sikuruhusiwa kupita kizingiti. Nilisimama mlangoni, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa mkurugenzi, nikimtazama Papa akisukuma kile kibao huku ulimi wake umetoka kidogo pembeni ya mdomo. Aliniahidi jambo moja tu, lakini aliahidi mbele ya Maman.

"Siku utapata komunyo ya kwanza, njo utakamata kipimo," yaani hapo ndipo nitakishika.

Nilijifunza katekisimu kuliko mtoto yeyote wa parokia yetu. Masista walidhani nina wito.

Kisha vita ikamleta Furaha.

Alikuwa binti wa mdogo wake Papa, aliyeishi Miti, kando ya barabara ya Kavumu. Papa naye alikuwa na kazi huko, kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, mpaka wenye bunduki walipowafukuza ng'ombe barabarani na kazi ikaisha. Mdogo wake alienda msituni kuwaficha ng'ombe wake mwenyewe, mkewe akamfuata, na hakuna aliyerudi. Majirani walimkuta Furaha peke yake nyumbani, wakaja naye mjini kwa miguu pamoja na watu wengine waliokimbia. Alikuwa wa umri wangu. Alikuwa amevaa sweta ya mtu mzima, mikono imekunjwa mara nyingi, na hakusema neno. Si siku hiyo tu. Hakusema kabisa.

Mimi nilimpokea vizuri, na nasema hivyo bila kujisifu. Nilimpa upande wa ukutani wa kitanda. Nilimpa kitana changu. Ningempa vitu vingi zaidi, kama Papa asingempa kile kimoja.

Nilirudi kutoka shuleni mchana mmoja, nikaenda moja kwa moja kusimama mahali pangu mlangoni. Furaha alikuwa ndani. Alikuwa amepiga magoti juu ya kigoda kando ya meza, na mkononi mwake, kwenye vidole vyake vyembamba, alikuwa ameshika kipimo. Alikuwa akikisukuma taratibu, na Papa alikuwa ameinama karibu naye, kichwa kwa kichwa.

"Papa," nikasema, "mi bado sijapata komunyo."

"Najua, mama. Ngoja kidogo."

"Na yeye hajapata."

"Ngoja kidogo, nilisema."

Kama kuna mtu aliwahi kula moto akiwa amesimama, ni mimi siku ile. Nilienda kwa Maman jikoni, nikamweleza kesi yangu yote. Alikuwa akikoroga ugali na hakugeuka.

"Acha wivu. Ule mutoto haiko na baba."

"Sasa iko na wangu!"

Maman alicheka, jambo baya kuliko kunichapa. Na ni kweli, Furaha alianza kumwita Papa "Papa". Kwetu hiyo ni haki yake. Kaka wa baba ni baba. Lakini nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba desturi ingeingia mpaka chumbani kwangu. Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza nyumbani mwetu, na nililisikia nikiwa nje ya mlango. Mlango sasa ulikuwa unafungwa, eti kwa sababu ya vumbi. Nilikuwa namwonea wivu hata ukimya wake. Mimi niliyesema kutwa nzima, nani alikuwa ananisikiliza? Yeye akitoa silabi moja, Papa anatembea kama aliyepewa nishani.

Komunyo yangu ilifika. Nguo nyeupe, soksi nyeupe, na mama yangu wa ubatizo akaniletea mwavuli mdogo mweupe wenye maua ya bluu, mwavuli ambao hata mtoto wa gavana hakuwa nao. Lakini zawadi kubwa ilitoka kwa tonton, mjomba wangu wa Ubelgiji, imebebwa na msafiri ndani ya mfuko wa plastiki. Treni! Ya dukani, nyekundu, yenye kung'aa, na mabehewa mawili yenye madirisha ya kweli. Unaweka betri tumboni mwake inakwenda yenyewe. Nililala nayo kifuani. Nilikuwa nimeshapanga kila kitu. Papa na yule bubu wake wana kichwa cha bati kinachokohoa. Mimi nina treni ya Ulaya. Sasa Irlande itanihitaji.

Asubuhi niliingia bila kubisha. Nilikuwa nimepata komunyo, sheria ilikuwa upande wangu. Papa na Furaha wakanipisha mezani. Nikaiweka treni yangu nyekundu juu ya reli, na ikaanguka katikati. Magurudumu ya upande mmoja yalikaa juu ya chuma, ya upande wa pili yakazama kwenye njiti za kiberiti. Nikaisogeza, ikazama upande mwingine. Ilikosa upana wa punje moja ya mahindi tu. Nikabonyeza kitufe, na treni ya tonton ikalala ubavu, ikizungusha magurudumu hewani.

"Haifai hapa, mama," Papa akasema kwa upole. "Ile iko ya reli ya batu bengine. Yetu ni pana."

Hapo nikaelewa kila kitu. Mlango uliofungwa. Furaha, siku baada ya siku, akisukuma kile kibao kati ya vyuma viwili. Nini kingine mtu anafanya akisukuma kibao katikati ya vitu viwili? Anavitenganisha.

"Mulipanua!" nikapiga kelele. "Haikukuwaka hivi! Mulisikia treni yangu iko nakuya, mukapanua reli!"

"Nani alipanua?"

"Yeye! Kila siku iko nasukuma ile kibao! Ninaonaka!"

Papa alijaribu kunieleza. Alizungumzia Irlande, yule mzee, upana wa haki, mambo yote niliyoyajua tangu nimepata akili. Lakini sikuwahi kuyaona kwa macho, kwa sababu treni nyembamba haikuwahi kuingia nyumbani mwetu, na maneno ya mtu aliyekukosea hayana uzito. Akanyoosha mkono kunipa kipimo, ahadi ni ahadi. Nikakataa. Kipimo kilichokwisha kushikwa na mwingine, cha nini? Nikaichukua treni yangu, nikaufunga mlango, pwaa, mpaka picha ya Bikira Maria sebuleni ikakaa upande.

Nilinuna, na nilinuna kwa ufundi. Nilinuna mezani, kanisani, kwenye foleni ya maji. Treni nyekundu ilikaa chini ya kitanda. Sikukanyaga tena hata karibu na kile kizingiti, na muhula mzima ukapita hivyo. Nyuma ya mlango niliwasikia. Papa akinong'ona, Furaha akijibu. Sasa alikuwa akisema sentensi nzima huko ndani. Siku moja nikamsikia akicheka. Nilikaa juu ya kitanda nikiwaza kwamba wanacheka treni yangu.

Kisha risasi zikaja mjini. Zilianza asubuhi, watoto tukiwa bado hatujaenda shule. Chumba cha nyuma ndicho kilichokuwa na ukuta wa mawe upande wa kilima, kwa hiyo Maman akatusukuma humo sote, chini ya meza. Tulilala juu ya saruji, Irlande juu ya vichwa vyetu. Kila mlio mkubwa ulipokuja, vumbi la kijani lilitumwagikia. Furaha alikuwa ubavuni mwangu, amevaa ile sweta yake, macho wazi, hatetemeki hata kidogo. Mimi ndiye niliyetetemeka. Aliushika mkono wangu na hakuuachia. Sikumsamehe, lakini nami sikuuachia.

Alasiri kukawa kimya. Papa alitoka kuchungulia barabara, Maman akaenda kuona kama kuna maji, na mimi nikainuka kujikung'uta vumbi. Ndipo nikaiona meza, mara ya kwanza tangu siku ile.

Reli zilikuwa tatu.

Vile vyuma viwili vya zamani vilikuwa mahali pake. Lakini ndani yake, karibu kabisa na kimoja, kulikuwa na chuma cha tatu kipya. Kilitoka kwenye handaki, kikapinda na kilima, kikavuka daraja la mawe. Kisha kabla ya kufika stesheni kikakatika. Mbele yake zilikuwa njiti za kiberiti tupu. Niliweka kidole. Kati ya chuma cha tatu na kile cha mbali palikuwa pembamba kuliko kawaida, kwa upana wa punje moja ya mahindi.

"Ni ya treni yako," Furaha akasema.

Hilo ndilo jambo la kwanza alilowahi kuniambia mimi.

"Nani alisema muifanye?"

Aliangalia chini. Papa alikuwa amerudi, amesimama mlangoni, mahali pangu pa zamani.

"Yeye njo alisema," Papa akajibu. "Mi nilikataa. Irlande na reli tatu? Muzee wangu wa kule akiona ile, atalia. Ule mutoto akanisemesha siku mingi. Sijawahi kumusikia anasema vile." Akaja kusimama kando yangu. "Kazi iko nguvu, njo maana inakawia. Na mbavu zimeisha. Fundi wa miavuli wa Kadutu amekimbia, hatuna pa kutoa zingine."

Ningependa kuandika kwamba wivu uliniishia hapo. La hasha. Ulinipanda upya: wamekaa humu miezi yote wakinifikiria mimi, wawili wao, bila mimi! Yote niliyoyasikia nyuma ya mlango, minong'ono na kile kicheko, yalikuwa yangu, na nilikuwa nje. Nilikasirika mpaka machozi yakatoka. Kisha nikaenda chumbani, nikarudi na mwavuli wangu mweupe wenye maua ya bluu.

"Kata," nikamwambia Papa.

"Ule wa komunyo? Na mvua?"

"Itaninyeshea."

"Maman yako atatuua."

"Kata tu."

Maman alisikia kitambaa kikichanika. Alifika, akaona, akatukana ukoo wa Papa kutoka babu wa kwanza mpaka wa mwisho, siku ileile ambayo mji ulikuwa umepigwa risasi, na nadhani ilimpa nafuu. Papa alichomoa mbavu moja moja. Kisha akafungua mtoto wa meza, akatoa kibao kidogo kipya, cheupe bado, chenye vijino vilivyokaribiana. Alikuwa amekichonga kwa ajili ya ile reli ya tatu, na hakuna mkono uliokuwa umekigusa ila wake.

"Hiki hakijashikwa na mutu," akasema.

Furaha alishika kipimo kipana, mimi chembamba, na tukasukuma kuelekea stesheni, bega kwa bega, nikimsukuma kidogo kwa kiwiko ili nitangulie. Siku treni nyekundu ilipofika kwenye kopo la maziwa bila kuanguka, Papa alivua kofia. Sikumpa mtu kitufe. Nilinyeshewa msimu ule mzima, shule na kanisa, na sikulalamika.

Tulikuwa tumeshakuwa wanawake, tunatoka misa, siku Furaha aliponiambia ghafla, "Unajua mi nilikuwaka na wivu juu yako?"

Nikacheka. "Wivu ya nini? We njo ulikuwa na kipimo."

"Wivu ya vile ulikuwa unanuna. Unafunga mulango, pwaa! Na mangaribi wanakuwekea chakula sawa na batu bote. Mi sikuweza hata siku moja. Nilikuwa najisemea: nikinuna, watanirudisha kwetu, ku nyumba yenye haina mutu."

Alisema hivyo akitafuta noti ya teksi kwenye mkoba wake.

Papa ametutoka msimu huu wa mvua. Baada ya matanga, ukoo ukakaa sebuleni kugawana vitu vyake, na mimi nikaenda chumba cha nyuma na kurudi na vipimo vyote viwili mkononi. Nilisema navichukua vyote. Kile cha kwanza kilikuwa ahadi yangu, mbele ya Maman, na Maman yuko hapa, aulizwe.

Furaha akaweka kikombe chini. "Kile kipana ni changu."

"Papa aliniahidi."

"Papa alinipatia!"

"Na mi ninakibeba."

Alisimama. Alinitazama kwa macho ambayo sijawahi kuyaona kwake katika miaka yote ile, akavuka sebule, akatoka, akaufunga mlango wa baba yetu. Pwaa! Shangazi mmoja akamwaga chai. Bikira Maria akakaa upande.

Nje mvua ilikuwa inapiga. Nikanyakua mwavuli na kumkimbilia. Kwenye kona ya barabara upepo wa ziwani ukaugeuza juu chini, mbavu zikalia, na nikamfikia nikiwa nimeshika kitu cha ajabu kinachovuja kote. Nikakiinua juu ya kichwa chake hivyohivyo.

"Usinisemeshe," akasema.

Tukangoja teksi ya kumrudisha kwake Kasha, tumelowa. Ilipofika alipanda bila kuaga, uso umekaza. Kabla ya kufunga mlango aliutazama mwavuli.

"Usitupe," akasema.

Bado hajapokea simu zangu. Kipimo chake nimekifunga kwenye kitambaa safi, na nitampelekea. Lakini si wiki hii. Nataka anune vizuri, mpaka ashibe.